Nyumba Iliyoongezwa Chumba kwa Chumba

Charles Darwin alipoiona nyumba hii mara ya kwanza, mwaka 1842, hakuvutiwa na sura yake. Katika barua aliyomwandikia dada yake alisema haipendezi kuitazama, si ya kale wala si mpya. Kuta zina unene wa futi mbili, madirisha ni madogo, na ghorofa ya chini dari yake iko chini. Pamoja na hayo aliinunua kwa msaada wa baba yake, kwa zaidi ya pauni 2,000, na eka 18 za ardhi juu yake. Septemba ya mwaka huohuo akahamia na mkewe Emma, aliyekuwa karibu kujifungua, na watoto wao wawili wadogo. Hakuhama tena. Alifia humo tarehe 19 Aprili 1882, na katika miaka yote hiyo karibu 40 hakuacha kuwaita mafundi.

Nyumba inaitwa Down House, nayo iko nje kidogo ya kijiji cha Downe, mahali palipokuwa mkoa wa Kent zama hizo na sasa pamo ndani ya mipaka ya London. Watu wengi huenda huko kwa sababu ya kitabu cha asili ya spishi kilichoandikwa ndani yake, na wana haki. Mimi nilivutwa na wale mafundi. Nilitaka kuona jinsi nyumba ya shamba ya matofali, iliyopata umbo lake katika karne ya 18, ilivyobebeshwa vyumba vipya wakati wa Malkia Victoria bila ile ya kwanza kubomolewa. Na nilitaka kuiona nikiwa na mtu anayejua kusoma ukuta.

Mtu huyo ni mjomba wangu, kaka wa mama, fundi mwashi aliyeanza kazi Moshi, akaiendeleza Dar es Salaam, akaimalizia Kent. Sasa amestaafu. Tulikutana stesheni ya Orpington, tukapanda basi dogo namba R8 linalopita njia nyembamba zenye ua wa vichaka pande zote mbili. Ukiliangalia shamba lililolimwa huku, unaona udongo umechanganyika na mawe meupe na meusi, kama ngumi kwa ukubwa, ambayo jembe huyafukua kila msimu na hayaishi. Ni mawe ya gumegume. Nchi yote ya hapa imekaa juu ya mwamba wa chokaa, na gumegume humo ndimo linamozaliwa. Kanisa la kijiji, la Mtakatifu Maria, limejengwa kwa mawe hayohayo. Katika uwanja wake wa makaburi amezikwa Mary Eleanor, binti wa Darwin aliyezaliwa siku chache baada ya familia kuhamia, akafariki Oktoba 1842 kabla hajatimiza mwezi. Emma naye amelala hapo. Mumewe alichukuliwa na taifa, akazikwa Westminster Abbey.

Kutoka kanisani hadi kwenye nyumba ni mwendo mfupi kwa miguu, kufuata barabara ya Luxted. Kabla ya nyumba unakutana na ukuta wake, na hapo mjomba alisimama kwanza.

"Mjomba, njoo uone hapa," aliniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja. Ukuta ni wa gumegume, jiwe ambalo halina pembe wala uso wa kukalia. Fundi wa tofali hupanga kozi, akavuta uzi, akapima kwa pima maji. Fundi wa gumegume hana kozi ya kufuata. Kila jiwe linatafutiwa mwenzake kwa mkono, na chokaa inajazwa katikati kwa wingi, kwa sababu jiwe lenyewe ni la kioo na halinyonyi maji, hivyo udongo wa kujengea haulishiki upesi. Mjomba alinionyesha jinsi kazi hiyo inavyotaka subira: ukipandisha kimo kikubwa kwa siku moja, ukuta unatumbuka kabla chokaa haijakaza. Alipapasa jiwe moja lililopasuliwa, uso wake mweusi ukiteleza kama kioo cha chupa, ukizungukwa na ganda jeupe la unene wa ukucha.

Ukuta huo ulitokana na kero. Nyumba ilikuwa imekaribiana mno na barabara, na kila mpita njia aliweza kuchungulia ndani. Darwin, aliyekuwa mgonjwa na mtu wa kujitenga, hakulivumilia jambo hilo. Mara baada ya kuhamia alifanya mpango barabara yenyewe ichimbwe, ishushwe kiasi cha futi mbili, na ukuta upandishwe kando yake. Udongo uliotoka ukatumika kujenga matuta bustanini ya kukinga upepo. Nimeshaona watu wakiinua ukuta ili wasionekane. Kuishusha barabara, hilo nililiona hapa kwanza.

Nyumba yenyewe ilianza kuwa ya mkulima. Mwishoni mwa karne ya 18 ilimilikiwa na mfanyabiashara, George Butler, aliyeipanua na kuipa umbo la mraba lenye ghorofa tatu ambalo ndilo Darwin alilikuta. Enzi hiyo Waingereza huiita ya akina George, kwa kuwa tangu 1714 hadi 1830 walitawala wafalme wanne mfululizo wenye jina hilo. Nyumba zake utazitambua hata kwa mbali: sanduku lisilo na madoido, madirisha yamepangwa mstari mmoja juu ya mwingine, na mlango umewekwa mahali ambapo jicho linautarajia. Uzuri wote ulitafutwa katika vipimo. Mafundi walipenda kupanga tofali kwa zamu, moja limelala urefu, linalofuata linaonyesha kichwa, na kozi ya juu inaanza kinyume ili kiungo kisiangukie juu ya kiungo. Ukuta uliofungwa hivyo unashikana mpaka ndani, na ndiyo maana umesimama miaka zaidi ya mia mbili juu ya chokaa tupu bila chembe ya saruji.

Madirisha ya enzi hiyo yanastahili kuangaliwa kwa makini, maana ndiyo yanayoibeba sura. Hayafunguki kwa bawaba. Ni fremu mbili zinazopishana ndani ya mfereji, ya chini inapanda na ya juu inashuka. Kila moja imefungwa kamba inayopita kwenye kapi na kushikwa na uzito wa chuma uliofichwa ndani ya sanduku la mbao pembeni. Ukilisukuma kwa kidole linakwenda, na linakaa pale ulipoliachia. Vioo vyake ni vipande vidogo kwa sababu kioo kilipulizwa kwa mdomo, kikazungushwa hadi kikatanda duara, kisha kikakatwa; kipande kikubwa kisicho na kasoro kilikuwa ghali. Sababu nyingine ilitoka serikalini. Tangu 1696 madirisha yalihesabiwa na kutozwa kodi. Kioo kikaongezewa kodi yake mwaka 1746, na tofali likapata ya kwake mwaka 1784. Wako wenye nyumba walioziba madirisha yao kwa matofali, na hadi leo ukitembea miji ya Uingereza utayaona yamezibwa vilevile.

Tofali la Down House, hata hivyo, hulioni. Francis, mtoto wa Darwin aliyeandika maisha ya baba yake, anaeleza kwamba walipohamia walikuta jengo la tofali lililopakwa chokaa iliyochakaa na kuvikwa vigae ukutani, kama ulivyokuwa mtindo wa Kent. Darwin akalipiga lipu lote. Nilitazamia mjomba asikitike, kwa kuwa anapenda tofali lionekane. Akaniambia hapana. Lipu ya chokaa, alisema, haidhuru ukuta wa zamani. Unyevu unaopanda kutoka chini unapenya na kutoka. Wanaoua nyumba kama hizi ni wale wanaozipiga lipu ya saruji. Saruji inaufungia unyevu ndani, tofali linalowa, baridi ya Januari inaligandisha maji yaliyomo, na uso wa tofali unabanduka kwa tabaka. Alishatengeneza nyumba nyingi zilizoharibiwa hivyo na watu waliodhani wanaziimarisha.

Uso wa mbele, ule wa barabarani, haufurahishi. Umebandikwa vitu mara nyingi hadi ulinganifu wa akina George umepotea. Zunguka upande wa bustani. Hapo ndipo nyumba inapojieleza.

Mwaka 1843, mwaka mmoja tu baada ya kununua, Darwin alivunja ukuta wa upande huu na kujenga sehemu iliyotokeza nje kwa pembe, ikapanda kutoka chini hadi ghorofa ya tatu, yenye madirisha mapana kila ghorofa. Sasa imezungukwa na mimea inayotambaa, kama Francis alivyosema ilikuwa utotoni mwake. Ukiifunika kwa kiganja unabaki na nyumba ya shamba, nzito na yenye macho madogo; ukiondoa kiganja, nyumba nzima inageukia jua. Hiki ndicho kitu kimoja kilichoibadili Down House kuliko vyote vilivyofuata, na kilijengwa wakati kodi zote tatu, ya dirisha, ya kioo na ya tofali, zilikuwa bado zinatozwa. Kwa hiyo mwanga ule ulilipiwa kwa kila kipande. Mtu asemaye Darwin alikuwa bahili, na kweli aliandika kila senti katika daftari za hesabu, aje asimame hapa.

Nilimuuliza mjomba ugumu wa kazi hiyo uko wapi. "Kwenye kuunga," alijibu. "Ukuta wa zamani umeshatulia, msingi wake umeshashuka kadiri ya kushuka. Huu mpya bado unatafuta mahali pa kukaa. Usipokuwa mwangalifu, ufa unapita palepale walipokutana." Dawa ya zamani ni kuukata ukuta wa kwanza meno, tofali moja likatolewa na jingine likabaki, kisha ukuta mpya ukang'atwa humo, na msingi mpya kuchimbwa hadi kina cha ule wa kwanza, usiwe juu yake. Alitembea akiinama, akafuata mshono kwa macho tangu chini hadi juu. Kwa macho hakuuona ufa. Alirudi akatikisa kichwa kwa heshima. "Walijua kazi," alisema.

Kodi ya kioo ilifutwa 1845, ya tofali 1850, ya dirisha 1851. Ukiwa na miaka hiyo kichwani, sogea hatua chache kando ya lile dirisha la kutokeza, utazame nyongeza iliyofuata, ya 1857 na 1858. Ni chumba kikubwa cha kupumzikia, na chumba cha kulala juu yake. Madirisha yake yanafunguka hadi sakafuni, mtu anatoka moja kwa moja bustanini. Chumba cha 1843 kinachungulia bustani. Hiki kimeachana kabisa na woga wa ukuta. Katika miaka ya 1870 wakakiongezea baraza lenye paa la vioo mbele yake, na familia ikahamishia maisha yake ya kiangazi hapo. Mimi niliyekulia kwenye nyumba yenye baraza nilijisikia nyumbani mara moja.

Chumba hicho kilikamilika katika mwaka mgumu. Juni 1858 ilifika barua ya mtafiti wa viumbe Alfred Russel Wallace kutoka visiwa vya Asia, akiwa amefikia kwa njia yake wazo lilelile la jinsi spishi zinavyotokea ambalo Darwin alikuwa amelikalia kwa miaka 20. Siku chache baadaye mtoto wao wa mwisho, Charles Waring, ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alifariki kwa homa nyekundu. Emma na Charles walipata watoto kumi. Saba walifika utu uzima. Ukiwa ndani ya nyumba ni vigumu kuvitenganisha vyumba na hesabu hiyo. Walipanua kwa sababu watoto walikuwa wengi, na waliendelea kupanua hata baada ya kuzika.

Ndani, chumba cha kupumzikia kina piano ya Emma. Juu ya piano hiyo Darwin aliwahi kuweka vyungu vya udongo vyenye minyoo ili ajue kama inasikia. Filimbi na zumari hazikuishtua. Lakini noti zilipopigwa kwenye piano, mtetemo ukapita kwenye chungu, na minyoo ikajitupa ndani ya mashimo yake. Aliyaandika hayo katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka 1881, ambacho kwa kiasi kikubwa ni kitabu cha majengo pia, kwa sababu anaonyesha jinsi minyoo inavyozika sakafu na kuta za Warumi kwa kupandisha udongo kidogo kidogo. Mwaka 1877 alikwenda hadi Stonehenge kuangalia mawe yaliyoanguka yamezama kiasi gani. Bustanini kwake aliweka jiwe la duara la kupimia jambo hilohilo, na mwanawe Horace akatengeneza kipimo chake. Lipo jiwe jingine la mfano wake leo, limelala kwenye majani.

Kuna sehemu ya nyumba ambayo wageni huipita haraka, nami ningependa waipunguzie mwendo: upande wa watumishi. Mwaka 1845 Darwin alimwandikia dada yake Susan kuhusu matengenezo ya huko. Mpangilio wa awali ulikuwa mbovu kiasi kwamba kila kitu kilichoingia au kutoka kilipita katikati ya jiko, na watumishi walimlalamikia kero hiyo. Darwin aliona ni ubinafsi kujifanyia nyumba ya starehe na kuwaacha watumishi wakihangaika, akaamua watengenezewe njia yao. Nimesoma maelezo mengi ya wasanifu kuhusu nyumba za wakubwa wa zama hizo, na mara nyingi njia za watumishi zilijengwa ili wasionekane. Hii ilijengwa kwa sababu watumishi walilalamika. Kwangu mimi kipande hicho cha ukuta kina uzito kuliko dirisha lolote la nyumba.

Chumba cha zamani cha kusomea kiko upande wa barabara, ndani ya ile nyumba ya Butler, na hakikuongezwa chochote kwa nje. Humo ndimo kilimoandikwa kitabu cha asili ya spishi, kilichotoka Novemba 1859. Unaingia na kukuta kiti cha mkono kilichofungwa magurudumu, na ubao uliofunikwa kitambaa uliolazwa juu ya mikono yake. Darwin hakuandikia mezani, aliandikia hapo. Meza ya duara imekaa karibu na dirisha. Katika kona, nyuma ya kizuizi kifupi, kuna beseni na vyombo vya kuogea, kwa kuwa tumbo lake lilimsumbua kila siku na hakutaka kutoka nje kila lilipomshika. Dirishani aliweka kioo cha kujitazama, kwa pembe, ili aone nani anakuja mlangoni kabla hajabishiwa hodi. Chumba hakikubadilishwa umbo, na bado kila kitu ndani yake kimebadilishwa ili kimfae mtu mmoja mgonjwa. Kiti cha hadubini kilikuwa na magurudumu pia, na watoto walikichukua kukisukuma kwa fimbo kama mtumbwi. Walikuwa na ubao wa kutelezea kwenye ngazi vilevile, na hakuna aliyewakataza.

Nilikaa ndani ya chumba hicho muda mrefu kuliko vyote, kwa sababu ya kitabu kingine kilichotoka humu, cha mwaka 1871, kuhusu asili ya binadamu. Humo Darwin alisema kwamba yaelekea zaidi mababu wa kwanza wa wanadamu waliishi Afrika. Hakuwa na mfupa hata mmoja wa Afrika wa kumuunga mkono. Alitegemea kwamba sokwe na gorila wanaishi huko. Tarehe 17 Julai 1959, mtafiti Mary Leakey aliona fuvu la kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu likichungulia kwenye mteremko wa Oldupai, kaskazini mwa Tanzania, lenye umri wa miaka kama milioni 1.75. Nimeliona fuvu hilo lilipowekwa Dar es Salaam. Kutoka kwenye kiti hiki chenye magurudumu hadi Oldupai ni safari ndefu, na mtu aliyekaa hapa hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki.

Nyongeza kubwa ya mwisho ni ya 1877. Watoto walikuwa wameshakuwa watu wazima, nyumba ingetosha. Hata hivyo kilijengwa chumba kingine upande wa mbele, kikubwa, chenye dari ya juu, kilichokusudiwa mchezo wa biliadi na hatimaye kikawa chumba kipya cha kusomea cha mzee. Msanifu alikuwa kijana, William Cecil Marshall. Mwaka huohuo Marshall alicheza fainali ya mashindano ya kwanza kabisa ya tenisi ya Wimbledon, akashindwa na Spencer Gore. Chumba chake, kwa maoni yangu, ndicho cha kawaida kuliko vyote: kimepimwa vizuri, kina nafasi, na hakina sababu ya kukumbukwa. Ndicho pia kilichoumaliza ulinganifu wa uso wa mbele.

Na bado singekiondoa. Mwaka 1877 ndio pia ambao William Morris na wenzake walianzisha Chama cha Kulinda Majengo ya Kale, wakikasirishwa na wasanifu waliokuwa wakipita makanisani wakibomoa kila kilichoongezwa, ili jengo lirudi kwenye karne wanayoipenda wao. Morris alisema nyongeza ni sehemu ya maisha ya jengo. Ukiichukulia Down House kwa macho ya wale wabomoaji, ungeondoa chumba cha Marshall, ungeondoa chumba cha piano, ungeliziba lile dirisha la kutokeza, na ungebaki na sanduku safi la mwaka 1778 hivi ambalo hakuna mtu angepanda basi kwenda kuliona. Nyumba hii ilikua kama kanzu ya mtoto inayoachiwa pindo kila mwaka, na mshono wa kila pindo ndio unaotuambia mtoto alirefuka lini.

Kwamba mishono hiyo ipo mpaka leo ni kazi ya watu. Emma alifariki 1896. Kuanzia 1907 nyumba ilikuwa shule ya wasichana. Mwaka 1927 daktari wa upasuaji, George Buckston Browne, aliinunua, akaitoa iwe makumbusho, na 1929 ikafunguliwa kwa umma. Ili kukirudisha chumba cha kusomea kama kilivyokuwa, walimtegemea Leonard, mwana wa Darwin, ambaye alikuwa na miaka karibu 80. Alikumbuka rafu gani ilikaa wapi, na yeye mwenyewe katika ujana wake alikuwa amekipiga picha. Taasisi ya English Heritage iliinunua nyumba mwaka 1996, ikaitengeneza, na kuifungua tena 1998. Nayo ilichagua kuacha kila nyongeza ya Darwin mahali pake.

Wakati wa kurudi mjomba alikuwa kimya mpaka tulipofika kituo cha basi. Kisha akaniuliza kama ninajua chumba cha nyuma cha nyumba ya babu, kule Moshi, kilijengwa mwaka gani. Sikujua. "Mimi ndiye niliyekijenga," alisema, "na baba ndiye aliyefyatua matofali." Akaniambia mwaka, akaniambia tanuri lilikuwa wapi, akanitajia waliobeba kuni. Niliandika yote ndani ya basi.

Msomaji mwenye nyumba ya wazazi iliyoongezwa chumba leo na kibaraza kesho, usimwite fundi wa kubomoa kabla hujaipiga picha kila upande, hasa pale kuta mbili zinapokutana. Tafuta mzee aliyekuwepo msingi ulipochimbwa, umuulize mwaka, jina la fundi, na udongo ulitoka wapi, kisha andika. Down House ilipata Leonard mmoja, naye alikuwa bado hai walipokwenda kumuuliza.